Mwaka Tuliounda Tanka

Ustaz Silas alizikwa Jumanne. Sisi wa Juba mwalimu tunamwita ustaz, na matanga tunayaita bika, na bika yake iliwekwa uani kwake, mtaa wa Kator, chini ya maturubai yaliyoazimwa kanisani. Nilipewa kiti cha plastiki na glasi ya chai, nikakaa nayo mpaka ikapoa. Walimu wenzake wa zamani walikuwa upande mmoja wakizungumza kwa sauti ya chini juu ya ugonjwa wake, jinsi alivyokataa kupelekwa Kampala kutibiwa, jinsi alivyosahihisha mitihani akiwa kitandani. Nilikuwa nawasikiliza bila kutaka kuwasikiliza, mpaka mwanamume mmoja mnene akavuta kiti akaketi kando yangu, akanitazama usoni kama anayesoma kibao cha barabarani. "Keji," alisema. "We bado iko mwembamba hivi hivi?" Ndipo nikamtambua kwa sauti. Alikuwa Taban, ambaye zamani mbavu zake zilihesabika chini ya shati la shule, na ambaye sasa anapanda minara ya simu, ingawa sijui mnara gani unaokubali kubeba kitambi kile. Nikamjibu, "Sehemu yangu si umekula wewe?" Tukacheka, kisha tukaona aibu, kwa sababu mama mmoja alitugeukia kwa macho makali. Halafu Taban akauliza kile nilichokuwa nakiogopa tangu niingie uani pale. "Na Hodan? Iko najua kama Ustaz amekufa?" Nikamwambia sijui. Nikamwambia sijui hata pa kumpelekea habari.

Bado sijafika miaka thelathini, na najua watu wa umri wangu hawaandiki kumbukumbu. Lakini Juba miaka haiendi kama kwingine. Mtu anaweza kuwa na maisha mawili au matatu kabla ya kuota mvi ya kwanza, na mimi maisha yangu ya sasa, ya kufunga sola na kutengeneza friji za chanjo katika zahanati za pembezoni, yalianza mwaka ule mmoja nilipokuwa kidato cha tatu, senia tatu kama tunavyosema sisi tulioanza shule Uganda. Kabla ya hapo nilidhani kusoma ni kunakili. Darasa letu lilijaa hadi wengine wakaketi kwenye vizingiti vya madirisha, na Ustaz Silas, aliyetufundisha fizikia, alikuwa akiingia na shati lake jeupe, anaandika ubao mzima, anafuta, anaandika tena. Sisi tunaandika. Nilijua kwa moyo kanuni ya mkondo wa umeme na sikuwahi kugusa waya. Nilipata alama nzuri. Ukiniuliza leo ni nini nilichokuwa nakijua, nitasema nilijua mwandiko wa Ustaz.

Kisha yakaja maboksi. Yaliletwa na shirika moja lililokuwa likizigawia shule vifaa vya mashindano ya roboti, yakawekwa juu ya meza ya maabara, chumba chenye chupa zilizovunjika na bati lililowaka joto kiasi kwamba popo wenyewe walihama mchana. Ndani kulikuwa na magurudumu madogo, mota, nyaya, vipande vya plastiki vya kuunganisha, kompyuta mbili, na kitu kidogo kama jicho la samaki. Ustaz alikichukua kile kijicho, akakigeuza hivi, akakigeuza vile. Tulikuwa wengi tumemzunguka. Tukangoja atuambie. Akasema, "Sijui." Sikuwahi kusikia mwalimu akisema neno lile. Nilitazama mlangoni, kana kwamba mtu angeingia kumkamata. Akarudia, tena kwa utulivu, "Sijui hii ni nini. Kuna anayejua?" Nyuma ya wote mkono ukainuka, mkono wenye hina iliyofifia kwenye vidole. "Ustaz, naeza jaribu?"

Huyo ndiye Hodan. Alikuwa ameingia shuleni kwetu mwanzoni mwa mwaka akitoka Islii, Nairobi, baada ya baba yake, mfanyabiashara wa jumla katika mtaa wa Hai Jalaba, kuamua kuileta familia yake Juba. Kiarabu cha Juba hakukijua, na kwetu asiyejua Kiarabu cha Juba ni kama kiziwi. Wanafunzi walimwita Somali tu, kama vile jina lake halikuwepo. Alikuwa akila peke yake. Lakini kule Islii kaka yake alikuwa na duka la intaneti, naye Hodan alikua chini ya meza za duka lile, akichomoa na kuchomeka. Siku ile alikichukua kijicho, akakiunganisha na kompyuta, akaweka kidole chake mbele yake, na namba kwenye skrini zikapanda na kushuka. "Inaona," akasema. "Inaona mwanga na giza." Ustaz akainama kutazama, na mimi nikauona uso wake ukiwa karibu na uso wa mwanafunzi wake, wote wawili wakitabasamu kwa kitu kimoja.

Wiki za mwanzo watu walifurika maabara. Wiki zilizofuata walipungua, kwa sababu hapakuwa na alama za kupata pale, na roboti siku nyingi haikufanya lolote ila kuzunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Mwishowe tulibaki watatu: Hodan, Taban na mimi. Taban alikulia Khartoum na Kiarabu chake kilikuwa cha kweli. Kiingereza alikiogopa, na Kiswahili alikuwa amekiokota vipande vipande sokoni. Mimi nilikuwa na Kiswahili cha Koboko, mpakani Uganda, cha madereva wa malori. Hodan alikuwa na cha Nairobi. Basi tulitumia hicho, maana ndicho pekee tulichokuwa nacho sote watatu, na kila mmoja alikuwa akikivunja kwa namna yake. "Mimi iko nashika hapa, wewe nafunga hapo," Taban angesema, na Hodan angemjibu, "Wacha haraka, manze, hiyo ndio ya kushoto," na mimi katikati nikitafsiri yasiyohitaji kutafsiriwa. Leo nikiandika Kiswahili hiki kilichonyooka kidogo, nakiandika kwa sababu ya ubishi wa Hodan. Alikuwa hawezi kuniacha niseme "kitabu yangu" bila kunirekebisha, ingawa yeye mwenyewe akikasirika alikuwa akisema vivyo hivyo.

Shindano lilihusu maji. Ilibidi roboti ifuate mstari mweusi uliochorwa kwenye turubai, ichukue vidumu vidogo kutoka mtoni na kuvipeleka kwenye vijiji vya kuchora, bila kuviangusha, ndani ya muda uliowekwa. Nani angetufundisha sisi habari ya maji? Kila asubuhi tuliamshwa na malori ya maji yakipiga honi, na kila mmoja wetu alijua siku ambayo lori halikuja. Taban ndiye aliyeipa roboti yetu jina la malori yale: Tanka. Alikuwa na mikono ya ajabu yule kijana. Akitazama lori lolote likipita, akirudi alikuwa tayari amekwisha kujua kwa nini bomba lake limekaa pale lilipokaa. Hodan aliandika maagizo kwenye kompyuta. Mimi mwanzoni sikuwa na kazi inayojulikana. Nilishika. Niliwaeleza walimu wengine tunafanya nini. Nilipima kwa rula. Siku moja nilipokuwa naihamisha Tanka kutoka meza moja hadi nyingine, ilinitoka mikononi, ikaanguka kwenye sakafu ya saruji, mkono wake ukavunjika. Sikusubiri kuambiwa. Nilikwenda mbele ya Ustaz Silas nikanyoosha kiganja.

Alikitazama kile kiganja kwa muda mrefu. Fimbo ilikuwa pale pale, imeegemea ubao, na hakuna ambaye angeshangaa. "Weka mkono chini, Keji," akasema. "Niambie, ilianguka kwa nini?" Nikasema ni kosa langu. "Sikuulizi ni kosa la nani. Ilianguka kwa nini?" Nikafikiri. Nikasema ilikuwa nzito mbele kuliko nyuma, ndiyo maana ilipinduka. Taban, aliyekuwa amekwisha kupiga magoti akiokota vipande, akainua kichwa. "Kweli. Betri iko mbele. Ndiyo maana hata kwenye kona nalala." Jioni ile tuliihamishia betri nyuma, na Tanka ikaacha kuyumba kwenye kona. Ninapokwenda zahanati siku hizi nikaikuta friji imezima na muuguzi anajitetea kabla sijauliza, humwambia maneno yale ya Ustaz karibu kama yalivyo, na huona mabega yake yakishuka.

Umeme wa shule ulitegemea jenereta, na jenereta ilitegemea mkuu wa shule ameamka vipi. Kwa hiyo Hodan alimwomba baba yake tukachaji na kufanya kazi dukani kwao. Baba yake tulimwita Haji, kama sokoni kote. Alikuwa mtu mrefu, mwenye ndevu zilizopakwa hina, na alimtazama Taban kwa muda kabla ya kusema neno. "Juu kuna chumba. Mlango unabaki wazi. Na mama yangu anakaa nanyi." Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na mama yake, Ayeeyo tulivyomwita kwa Kisomali, yaani bibi, aliitekeleza kwa furaha. Alikaa kwenye mkeka na tasbihi yake, akiitazama Tanka kama watu wanavyotazama mpira. Ikiangusha kidumu, alipiga paja. Ikifika kijijini, alisema "Mashallah" na kutupa halua. Hakujua neno la Kiswahili zaidi ya "karibu" na "kula", na haya mawili yalitosha.

Chumba kile nakiona hata sasa kuliko ninavyoiona nyumba ninayolala. Magunia ya mchele yamepangwa hadi darini upande mmoja, katoni za tambi upande wa pili, na katikati sakafu ya wazi tuliyotandika turubai letu. Kilikuwa na harufu ya ubani, ya katoni na ya iliki. Dirisha lilitazama barabara ya Hai Jalaba, na sauti zote zilipanda kwetu: wachukuzi wakigombana kwa Kiarabu, mwanamke wa tamiya, zile kachori za dengu, akiita wateja, madereva kutoka Nimule mpakani wakiulizia hali ya njia kwa Kiswahili. Saa ya chakula Hodan alileta sinia moja ya wali na nyama ya mbuzi, na ndizi mbivu pembeni. Taban alidhani ndizi ni za baadaye. Hodan akamenya moja, akaikatia ndani ya wali, akala. "Hapana," Taban akasema, "hii mtu nafanya makosa." Akajaribu. Tangu siku hiyo hakuwahi kula wali pale bila kuulizia ndizi. Mimi nilikuwa nabeba maharage ya fuli kwenye kikopo, na kisra, mkate wetu mwembamba wa mtama, nyumbani kikiwepo, na Ayeeyo alikula kisra changu akikitafuna polepole, huku akimweleza Hodan jambo refu. Nikauliza anasema nini. "Anasema hii ni ndugu ya anjera yetu," Hodan akatafsiri. "Anasema imekonda tu kwa sababu ya safari."

Sitaki kudanganya kwamba mwaka ule ulikuwa wa asali. Alama zangu za historia zilianguka, na za dini zikaanguka zaidi. Wenzetu darasani walisema tunajifanya makhawaja, yaani wazungu, na walikuwa na haki kidogo, kwa sababu vifaa vilikuwa vya watatu na wao walikuwa wengi mno. Nyumbani, mtaa wa Gurei, Mama alinisubiri mlangoni. "Unasoma ama unacheza na gari ya watoto?" Nilijaribu kumweleza. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Hiyo gari nabeba maji kiasi gani?" Nikasema ni vidumu vya mchezo, havina maji. Akaguna akaenda kuangalia chungu. Nilichokuwa nimepata hakikuwa na jina bado. Nilikuwa nimeanza kulala nikiwa na swali, na kuamka nikiwa na hamu ya kulijaribu. Hilo ndilo nililolikosa zaidi baadaye, kuliko hata sifa na safari.

Tulishinda mashindano ya shule za Juba. Nakumbuka kelele tu, na Ustaz amevua miwani yake anaifuta na kuivaa na kuivua tena. Ushindi ulimaanisha kwamba tungekwenda Kampala kushindana na timu za nchi jirani, na kwa siku chache tulikuwa watoto wenye furaha kuliko wote kando ya Nile. Kisha alasiri moja, tukiwa chumbani juu, tulisikia sauti ya Ustaz chini dukani. Hakuwa na kawaida ya kuja. Taban alikuwa amekwenda kununua skrubu. Hodan alinyanyua kidole tunyamaze, akidhani kuna habari njema ya safari.

"Haji, naona aibu," Ustaz alikuwa akisema. "Ofisi ya mashindano wamesema timu inakwenda kwa jina la nchi. Kila mtoto lazima awe raia. Nimewaomba. Nimewaambia msichana ndiye aliyeandika programu yote. Wamesema wanasikitika."

Nilisikia mchukuzi akitua gunia.

"Binti yangu amekosa nini?" Haji akauliza.

"Hajakosa."

"Nairobi walimwuliza, wewe ni Mkenya kweli? Sasa hapa."

"Ndiyo maana nimekuja kukwambia naitoa timu. Hatuendi. Siwezi kupeleka watoto wawili nikamwacha aliyewafikisha."

Nilimtazama Hodan. Alikuwa amekaa na magoti yake kifuani, kompyuta imewaka mbele yake, mwanga wake usoni. Ayeeyo alikuwa ameacha kuhesabu tasbihi. Ingawa hakuelewa maneno, alielewa sauti. Kisha Haji akasema, polepole, kama mtu anayeinua kitu kizito, "Hapana, mwalimu. Wale wawili wamekula kwangu mwaka mzima. Mtoto aliyekula kwako utamnyimaje njia? Waende."

Hodan hakushuka. Hakulia pia, mbele yangu. Alifunga kompyuta, akasema anaumwa kichwa, na mimi nikaenda nyumbani kwa miguu hadi Gurei nikiwa siioni barabara. Siku mbili hakuja shule. Ya tatu alitukuta maabara, mimi na Taban tumekaa tu, Tanka iko katikati yetu kama maiti. Alivuta kiti. "Abaayo," akaniambia, na kwa Kisomali abaayo ni dada, "kaa hapa. Kwa kompyuta. Mimi nakaa kando." Nikamwambia sitaki. Nikamwambia tusipokwenda wote hatuendi. Akanitazama kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona kwake. "We unadhani mimi nataka hii kazi yangu ikae hapa ikule vumbi? Nimeandika mimi. Lazima ifike. Kaa chini."

Nikakaa. Wiki zilizobaki, maabara na kule chumbani juu, hakuandika neno hata moja kwenye kompyuta. Aliweka mikono yake chini ya mapaja ili asishawishike, na kila nilipokwama alikuwa akiuliza, "Unaona nini?" Nilimchukia kwa swali lile. Nilitaka aniambie bonyeza hapa, andika hivi, kama Ustaz zamani kwenye ubao. "Roboti haioni mstari," alinieleza. "Inaona mwanga na giza tu. Wewe ndiye unaiambia giza inaanzia wapi." Mara nyingine alifuta kazi yangu nzima, eti mshale wa kipanya ulikuwa karibu mno asiweze kujizuia, akaniambia nianze upya. Nilianza upya. Siku nilipoiandika njia nzima ya mto mwenyewe, toka mwanzo, na Tanka ikaenda na kurudi bila kuangusha kidumu, Ayeeyo alisema Mashallah, Taban akanirushia kofia yake. Hodan akasimama akaenda dirishani. Alitazama nje kwa muda, bega lake likiwa limeegemea magunia. Nilijua nini nilichokuwa nakichukua na nini alichokuwa anakitoa.

Kampala ukumbi ulikuwa mkubwa na mweupe, taa zake zinang'aa mchana kweupe. Duru ya kwanza Tanka ilitoka mstarini mara tu ilipoanza, ikapita katikati ya mto, ikagonga ukingo na kusimama ikinguruma. Watu hawakucheka, na ingekuwa afadhali wangecheka. Niliomba simu ya Ustaz, nikatoka kwenye ujia, nikampigia Hodan dukani. Nikamwambia imeshindikana, niambie cha kufanya. Nilisikia pumzi yake. "Unaona nini?" akasema. Nikaanza kueleza kwa machozi: turubai linang'aa, taa ni nyingi, namba za kijicho ziko juu hata kwenye mstari mweusi, yaani kwa Tanka kila kitu hapa ni mchana... na hapo nikanyamaza. "Haya," akasema, "sasa umeona. Rudi." Nilipotaka kukata akaniita. "Keji. Ngoja kidogo. Huko ni aje?" Nikamweleza. Nikamwambia kuhusu bendera, na wasichana wa timu moja waliovaa fulana za njano, na jinsi meza za mashindano zilivyo ndefu, na roboti moja yenye masikio. Alinisikiliza kama mtu anayekula. Alikuwa akisema tu, "Ehe? Ehe?"

Nilirudi nikabadilisha namba inayoiambia Tanka giza linaanzia wapi. Duru ya pili Tanka ilifika vijiji vyote isipokuwa cha mwisho. Kisha waamuzi wakatuita mezani kutuhoji, maana alama nyingine zilitokana na maelezo. Mwanamke mmoja mwenye nywele fupi aliuliza ni nani aliyeandika programu. Taban aliukanyaga mguu wangu chini ya meza. Tulijua kwamba kumtaja mtu asiyekuwa kwenye timu kungeweza kutuharibia. Nilimtazama Ustaz aliyekuwa nyuma, karibu na ukuta. Hakunipa ishara yoyote. Aliniachia. "Iliandikwa na mwenzetu Hodan," nikasema. "Yuko Juba. Mimi alinifundisha." Mwamuzi akaandika kitu. "Basi wewe umefanya nini?" Nikamweleza kuhusu mwanga na giza, na namba, na kwa nini asubuhi tulianguka na mchana tukasimama. Nilieleza hadi akaweka kalamu chini. Hatukupata kikombe. Tulikuwa katikati ya orodha, ambako hakuna anayepigwa picha. Njiani kurudi, basi lilipovuka Nimule, Taban alisema kwa usingizi, "Kweis. Ulisema vizuri," na Ustaz aliyekuwa mbele yetu akaitikia kwa kichwa bila kugeuka.

Mwaka ulipokaribia kwisha biashara ya Haji ilikuwa imedorora kama ya wengine wengi, naye akaamua kuirudisha familia Nairobi. Simu yangu ya kwanza iliibwa mwaka uliofuata, na namba ya Hodan ikaenda nayo. Baadaye, nilipopelekwa Nairobi na kazi, nilikwenda Islii. Nilizunguka nikiuliza kwa jina la baba na la kaka mwenye duka la intaneti, na watu walinipokea vizuri. Mama mmoja muuza vitambaa alidhani anawajua, akasema huenda walihamia ng'ambo, huenda ni wale, huenda si wale. Aliniuliza nataka nini kwao. Wakati mwingine, nikiwa juu ya paa la zahanati nafunga sola, na jua linaniunguza mgongo, hujikuta nazungumza na Hodan kwa Kiswahili chake, namweleza ninachokiona.

Siku moja kabla ya kuondoka Juba, Hodan alikuja Gurei. Hakuwahi kufika kwetu kabla ya hapo. Alishuka kwenye bodaboda amevaa mtandio mpya wa buluu, amebeba katoni ya tambi kutoka kwa Ayeeyo, na watoto wa jirani wakamfuata hadi mlangoni. Mama alitandika mkeka uani, akaleta asida, ugali wetu, na mboga ya karanga, akamnawisha Hodan mikono yeye mwenyewe kwa birika. "Kula, mtoto yangu. Mimi iko nasikia jina yako kila siku hapa." Hodan alikata tonge, likamwanguka, akacheka, akakata jingine. Alikula sana. Mama akamwuliza habari za bibi yake, za njia, za baridi ya Nairobi, na wala hakutaja mashindano. Kisha, wakati wa kuagana, akakishika kichwa cha Hodan kwa mikono miwili, akamwombea kwa Kibari, sala ndefu, na Hodan akasimama ameinama mpaka mwisho, ingawa hakuelewa neno, na mwisho wake akasema amina.

Nilimsindikiza hadi barabara kubwa. Hatukuzungumza jambo la maana. Aliniambia nisiache kusema "kitabu changu". Nilimwambia ale ndizi kwa niaba ya Taban. Bodaboda ikaja, akapanda, akakunja mtandio usije ukashikwa na gurudumu, na wakaingia kwenye vumbi la malori. Nilisimama mpaka buluu ile haikuonekana tena. Niliporudi, jua lilikuwa limehama uani, na Mama amekaa pale pale mkekani. Niliinama nikusanye vyombo. Nilipofikia sahani ya Hodan, Mama aliushika mkono wangu.

"Wacha hiyo kwanza," akasema. "Wacha ikae kidogo. Mtoto bado iko njiani."